Namna ya Kujifunza Mchezo Mgumu wa Vita vya Kihistoria wa Mezani

Anayefungua kwa mara ya kwanza kasha la mchezo wa vita wa kihistoria hukutana na ramani iliyokunjwa mara kadhaa, karatasi ngumu zenye mamia ya kete (vipande vidogo vinavyowakilisha vikosi) ambazo bado hazijabanduliwa, dadu, majedwali yaliyochapwa kwa herufi ndogo, na kitabu cha kanuni chenye kurasa arobaini za safu mbilimbili. Wengi hukichukua kitabu hicho na kuanza kukisoma kutoka ukurasa wa kwanza wakikusudia kukimaliza, na wanapofika ukurasa wa kumi na mbili hugundua kwamba hawakumbuki tena kilichosemwa katika ukurasa wa tano. Kasha hufungwa, hurudishwa rafuni, na mchezo mzuri hukaa miaka bila kuchezwa. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu huyo, kwa sababu ninaamini kwamba hakupungukiwa na akili wala subira, bali alianza mahali pasipofaa. Kanuni za michezo hii huingia kwanza kwa mikono. Kitabu huja baadaye, kueleza kile ambacho mikono imekwisha kukigusa.

Inafaa pia kujua tangu mwanzo kwamba michezo hii ni ya ukoo mmoja. Mwaka 1824 luteni wa jeshi la Prussia, Georg von Reiswitz, alikamilisha mchezo uliotumia ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu na mwamuzi, nao ukatumiwa kuwafundishia maofisa. Mwaka 1954 Mmarekani Charles S. Roberts alitoa mchezo wa Tactics kwa ajili ya raia, na kufikia mwaka 1961 kampuni aliyoianzisha, Avalon Hill, ilikuwa imeanza kuchapa ramani zilizogawanywa kwa pembesita badala ya miraba. Tangu hapo wabunifu wengi wamejenga juu ya msingi uleule: ramani ya pembesita, kete zenye tarakimu, mwendo, kisha mapigano yanayoamuliwa kwa uwiano wa nguvu na dadu. Kwa hiyo jasho unalolitoa kwa ajili ya mchezo wa kwanza si la mchezo huo peke yake. Wa pili hautakutoa jasho jingi kiasi hicho, na wa tatu utausoma ukitafuta tu mahali unapotofautiana na ile unayoijua.

Chagua vita kabla ya kuchagua mchezo

Watu huuliza ni mchezo upi ulio bora, na mimi huwajibu kwa kuwauliza ni vita gani vinavyowagusa. Sababu yangu si ya kihisia tu. Mtu anayejua kwamba jeshi la Ujerumani lilisonga kuelekea Moscow katika vuli ya mwaka 1941, kwamba mvua za Oktoba ziligeuza barabara kuwa matope na magari yakakwama, na kwamba baridi kali ilifuata baadaye, amekwisha kujua sehemu kubwa ya kanuni za mchezo wowote unaohusu kampeni hiyo. Atakapofika kwenye kanuni inayopunguza mwendo wa kete katika zamu za matope hatahitaji kuikariri, kwa sababu alikuwa anaitarajia. Asiyejua lolote kuhusu kampeni hiyo ataiona kanuni ileile kama sharti jingine lisilo na kichwa wala miguu, la kuongezwa juu ya masharti mengine mia moja. Kabla ya kugusa kitabu cha kanuni, basi, soma historia fupi ya vita vyenyewe: nani alikuwa anamshambulia nani, alitaka kuteka nini, alizuiwa na nini, na mito na miji gani inatajwa mara kwa mara. Kurasa tano zinatosha.

Baada ya kuchagua vita, chagua udogo. Mchezo wa Battle for Moscow, uliobuniwa na Frank Chadwick na kutolewa mwaka 1986, ulitengenezwa makusudi uwe mlango wa kuingilia: una zamu saba, ramani moja ndogo na kanuni chache, na unaweza kuuanza na kuumaliza katika kikao kimoja. Bado ninaona ni mwalimu bora, hata kwa mtu ambaye lengo lake ni mchezo mkubwa zaidi. Mwisho wa pili wa kipimo hiki kuna michezo kama Advanced Squad Leader ya mwaka 1985, ambayo kitabu chake cha kanuni huwekwa katika faili la kubanwa ili kurasa mpya ziongezwe, na The Campaign for North Africa ya mwaka 1979, ambayo inahesabu mafuta na maji ya vikosi jangwani hadi kuvipa vikosi vya Italia maji ya ziada ya kuchemshia tambi. Michezo hiyo ina heshima yake, na ninawastahi waliojitolea kuicheza, lakini mtu hajifunzi kuogelea kwa kurushwa katikati ya bahari. Wachapishaji wa Advanced Squad Leader wenyewe walilitambua jambo hilo, na mwaka 2004 wakaanza kutoa makasha madogo ya wanaoanza yenye kanuni zilizopunguzwa.

Ikiwa moyo wako umeshikamana na mchezo mkubwa na hutaki kupitia mdogo, angalia kama una senario fupi, yaani mpangilio wa vita wa kuanzia, inayotumia sehemu tu ya ramani. Hesabu kete zinazowekwa mezani mwanzoni mwa senario hiyo. Zikizidi hamsini, tafuta nyingine, kwa sababu jicho la mgeni haliwezi kusoma uwanja wenye kete mia mbili, hata kama kila kanuni anaielewa.

Siku ya kwanza: kete na ramani, bila kanuni

Tenga siku nzima, au jioni nzima, ambayo hutafungua kitabu cha kanuni kabisa. Tandaza ramani mezani na ulaze juu yake kipande cha plastiki angavu kama unacho, ili mikunjo inyooke. Bandua kete taratibu kwa mikono miwili, na zile zinazogoma zikatwe kwa wembe, kwa sababu kuzivuta kwa nguvu huchana karatasi ya juu na tarakimu hupotea nayo. Wapo wanaopunguza pembe za kila kete kwa kikata kucha ili zisishikane zinaporundikwa. Mimi hufanya hivyo, na nimegundua kwamba muda ninaotumia kukata ndio muda ambao kete zinaingia kichwani, maana kila moja imepita mbele ya macho yangu. Kibano kidogo cha kunyanyulia kete bila kuangusha jirani zake ni kifaa cha lazima.

Sasa shika kete moja na uisome kama unavyosoma barua. Katikati ina kisanduku chenye alama. Mistari miwili iliyokatizana kutoka kona hadi kona ni askari wa miguu. Mstari mmoja wa mshazari ni askari wa farasi au wapelelezi. Umbo la yai ni vifaru, yai lenye mistari iliyokatizana ndani yake ni askari wa miguu wanaobebwa na magari ya deraya, na nukta nyeusi ni mizinga. Juu ya kisanduku kuna alama za ukubwa: mstari mmoja wima ni kombania, miwili ni batalioni, mitatu ni rejimenti, kisha X moja ni brigedi, mbili ni divisheni, tatu ni kori, na nne ni jeshi zima. Chini yake kwa kawaida kuna tarakimu mbili au tatu. Zikiwa mbili, ya kwanza ni nguvu ya mapigano na ya pili ni mwendo. Zikiwa tatu, mara nyingi ni nguvu ya kushambulia, nguvu ya kujihami na mwendo. Igeuze kete upande wa pili, na huenda ukakuta tarakimu ndogo zaidi, maana yake ni kwamba kikosi hiki kinaweza kupata hasara, kikapinduliwa, na kikaendelea kupigana kikiwa dhaifu. Bila kusoma kanuni hata moja umekwisha kujua kwamba kete yenye yai na mwendo wa 6 ni silaha ya kupenya, na kwamba kete ya askari wa miguu yenye mwendo wa 3 ni ukuta.

Zipange kete kwa pande na kwa kori zake, kisha zitawanye kwenye ramani mahali zinapoanzia kama senario inavyoelekeza. Ukimaliza, inuka, simama pembeni ya meza, na utazame. Jiulize, kama ungekuwa jemadari wa upande huu, ungepita wapi, mto gani ungekusumbua, na msitu gani ungekuficha. Majibu yako yanaweza kuwa na makosa. Lakini kuanzia hapo utakapofungua kitabu utakuwa unatafuta ruhusa ya kufanya jambo unalolitaka, na mtu anayetafuta kitu hukumbuka anachokipata.

Usomaji wa kwanza na zamu ya kwanza

Fungua kitabu na uende moja kwa moja kwenye mfuatano wa zamu. Karibu kila mchezo una ukurasa mmoja au nusu ukurasa unaoeleza mambo yanayofanyika katika kila zamu kwa utaratibu wake: labda hali ya hewa, kisha vikosi vya nyongeza, kisha mwendo wa upande wa kwanza, kisha mapigano, na baadaye zamu ya upande wa pili. Ukurasa huo ndio uti wa mgongo wa mchezo wote. Uandike upya kwa mkono wako kwenye karatasi moja, kwa maneno yako mwenyewe, na uiweke karatasi hiyo kando ya ramani. Michezo mingine hubadilisha utaratibu huu kwa sababu maalumu, na mabadiliko hayo ndiyo yanayobeba tabia ya vita vinavyosimuliwa. Katika Battle for Moscow, kwa mfano, vifaru vya Ujerumani husogea kabla ya mapigano, na askari wake wa miguu husogea baada ya mapigano. Mbunifu hakuhitaji kuandika aya ndefu kuhusu vifaru vinavyotoboa mstari na askari wa miguu wanaofuata nyuma kuziba nafasi. Utaratibu wa zamu unayasema yote hayo.

Baada ya mfuatano wa zamu, soma masharti ya ushindi. Wengi huyaacha mwisho kwa kuwa huchapwa mwisho, nami ninaona hilo ni kosa kubwa kuliko yote ya wanaoanza, kwa sababu asiyejua anachotafuta hawezi kujua kanuni ipi ina uzito. Kisha soma mwendo na mapigano, na ufunge kitabu. Anga, meli, daraja zilizolipuliwa, makamanda, mabadiliko ya hali ya hewa, kanuni za hiari: vyote hivyo viache kwanza.

Cheza zamu moja kwa kanuni ulizo nazo, ukishika pande zote mbili. Usijali kushinda. Sogeza kete, kwama, fungua kitabu kutafuta jibu la mkwamo huo mmoja tu, funga, endelea. Namba za kanuni zitakusaidia hapa, maana vitabu vingi hufuata mpangilio wa namba zilizopachikwa ndani ya namba. Ikiwa sura ya 6 ni mwendo, 6.3 huenda ikawa mwendo wa barabarani, na 6.3.2 ikawa katazo fulani juu ya barabara hizo. Kitabu kilichopangwa hivyo hakikuandikwa kisomwe kama hadithi. Kimeandikwa kama sheria za nchi zinavyoandikwa, ili ukiwa na swali ujue mlango wa kubisha. Kila swali ulilolazimika kulitafutia jibu liandike kwenye karatasi yako pamoja na namba ya kanuni, na baada ya jioni mbili utakuwa na muhtasari uliotokana na mahali hasa wewe unapokwama.

Zamu hiyo ikiisha, rudisha kete zote mwanzo na uicheze tena. Mara ya pili itachukua nusu ya muda.

Pigano moja, hatua kwa hatua

Hakuna kinachowatatiza wageni kama jedwali la mapigano, lile linaloonyesha matokeo kwa uwiano wa nguvu na dadu, kwa hiyo tulichukulie pigano moja na kulitazama kwa karibu. Kete ya adui yenye nguvu ya 5 imesimama kwenye uwanda. Unazo kete tatu zinazopakana nayo, zenye nguvu za 5, 4 na 4, na jumla yake ni 13. Gawanya 13 kwa 5 upate 2 na masalio. Katika michezo mingi masalio hutupwa kwa faida ya anayejihami, kwa hiyo uwiano wako ni 2 kwa 1, na zile pointi tatu zilizozidi hazikukununulia chochote. Sasa tazama kama karibu yako kuna kete ndogo yenye nguvu ya 2. Ikijiunga, jumla inakuwa 15, uwiano unakuwa 3 kwa 1, na unahamia safu nyingine ya jedwali. Kikosi kile hafifu ambacho ulikuwa umekiacha nyuma kulinda daraja kimebadilisha pigano zima. Ukiongeza kete nyingine yenye nguvu ya 3, jumla inakuwa 18, uwiano unabaki palepale, na kete hiyo imepoteza nafasi ya kufanya kazi mahali pengine. Wachezaji wenye uzoefu hutumia muda mwingi kwenye hesabu hizi ndogo kabla ya kusogeza chochote, na ndiyo maana vikosi vyao vinaonekana kuwa vingi kuliko vyako hata kama idadi ni sawa.

Mchukue sasa adui yuleyule na umweke msituni, ambako katika michezo mingi nguvu ya kujihami huongezwa mara mbili. Nguvu yake ni 10, na zile 15 zako zinakupa uwiano wa 1 kwa 1 tu. Pigano ambalo lilikuwa na matumaini limekuwa la kubahatisha. Ndiyo sababu mtu hushauriwa kusoma ramani kabla ya kuhesabu kete.

Kisha rusha dadu na usome makutano ya safu na mstari. Matokeo huandikwa kwa herufi chache: anayejihami anarudi nyuma, anapoteza hatua (kete yake inapinduliwa upande dhaifu), anaangamia, pande zote zinapata hasara, au mshambuliaji ndiye anayeumia. Ili usiwe mtumwa wa dadu, jifunze hesabu yake. Dadu moja hutoa kila tarakimu kwa nafasi sawa, moja kati ya sita. Dadu mbili zikijumlishwa, 7 hutokea kwa njia sita kati ya thelathini na sita, ilhali 2 na 12 hutokea kwa njia moja moja. Mchezo unaotumia dadu mbili basi una matokeo ya katikati mengi na maajabu machache, na pointi moja ya nyongeza ina uzito mkubwa ukiwa katikati kuliko ukiwa pembeni. Panga kila zamu ukichukulia kwamba pigano moja kati ya yale unayoyategemea litakwenda vibaya, na uweke akiba nyuma yake.

Kuna kanuni moja inayoambatana na mapigano ambayo ningependa kila mgeni akae nayo mpaka aielewe, nayo ni eneo la udhibiti. Kete hudhibiti pembesita sita zinazoizunguka, na adui anayeingia katika mojawapo hulazimika kusimama, au kulipa pointi zaidi za mwendo, kutegemea mchezo. Kutokana na hilo yanazaliwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba huhitaji kete katika kila pembesita ili kushika mstari. Pale ambapo adui anayeingia analazimika kusimama, kete moja kwa kila pembesita ya tatu inatosha kumzuia asipite katika mwendo mmoja. La pili ni zito zaidi. Weka kete ya adui katikati, kisha weka kete zako mbili tu, kila moja upande unaokabiliana na mwenzake. Hesabu pembesita sita zinazomzunguka adui: mbili umezikalia, na nne zilizobaki zote zimo ndani ya maeneo yako ya udhibiti. Kwa kuwa michezo mingi hukataza kurudi nyuma kupitia eneo la udhibiti la adui, kikosi hicho kikilazimishwa kurudi hakina pa kwenda, nacho huangamia. Fanya zoezi hili kwa mikono, kwenye ramani tupu, kwa kete tatu. Nilipolifanya mara ya kwanza nilielewa papo hapo kwa nini makamanda wa Kisovieti mnamo Novemba 1942 hawakuelekeza nguvu zao kuu ndani ya Stalingrad kwenyewe, bali walipiga ubavu wa kaskazini na ubavu wa kusini mpaka mikono miwili ikakutana nyuma ya Jeshi la 6 la Ujerumani.

Uliza kila kanuni inawakilisha nini

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowafundisha wageni kwa kuwakaririsha. Kila kanuni katika mchezo mzuri ni jibu la swali ambalo jemadari halisi alikabiliana nalo, na ukilijua swali, jibu halisahauliki. Kikomo cha kete zinazoweza kurundikwa kwenye pembesita moja kinatokana na barabara, kwani divisheni tano haziwezi kulishwa wala kupita kwenye njia moja kwa siku moja. Kanuni kwamba vifaru vinapoteza faida msituni inatokana na macho na nafasi ya kugeukia. Kanuni kwamba shambulio la kuvuka mto linapunguziwa nguvu inatokana na mashua, madaraja na watu walio wazi majini bila kinga.

Kanuni ya ugavi ndiyo inayopuuzwa zaidi na wanaoanza, nayo ndiyo inayowamaliza. Katika michezo mingi, kila kikosi lazima kiweze kuchora mstari wa pembesita kutoka kilipo hadi kwenye chanzo cha ugavi, pengine ukingo wa ramani au reli, bila kukatwa na adui. Kisipoweza, kinapungukiwa nguvu, au kinapoteza mwendo, au kinaondolewa. Paths of Glory, mchezo wa mwaka 1999 kuhusu Vita Kuu ya Kwanza, una adhabu kali: jeshi lililokatiwa ugavi inapofika awamu ya kuhesabu walioishiwa huondolewa kabisa, na haliwezi kujengwa tena kwa mchezo wote uliobaki. Katika mchezo wangu wa pili nilisogeza majeshi mawili ya Ujerumani mbele kwa furaha ya ushindi, na mpinzani wangu, badala ya kupambana nayo, alipitisha kori moja dhaifu kwenye pengo nililoliacha na kuikalisha nyuma yangu. Sikuona hatari yoyote, kwa kuwa kori ile isingeweza kunishinda katika pigano lolote. Haikuhitaji kupigana. Zamu ilipokwisha majeshi yote mawili yalitolewa mezani, na tangu siku hiyo kabla ya kumaliza mwendo wangu mimi huweka kidole kwenye kila kete iliyo mbele na kukiburuta nyuma, pembesita baada ya pembesita au mji baada ya mji, mpaka kwenye chanzo. Ninawashauri wote wafanye vivyo hivyo, kwa kidole hasa, kwa sababu macho huruka mapengo.

Michezo kama huo huongeza pia kadi. Kila upande una kadi zake, na kadi moja inaweza kutumika ama kuendesha vikosi, ama kuhamisha majeshi mbali, ama kujenga upya waliopotea, ama kuleta tukio la kihistoria lililoandikwa juu yake, lakini mara nyingi ni moja tu kati ya hayo. Mgeni huvutiwa na matukio. Katika michezo yako ya kwanza, jiulize kila mara ni kitu gani unakikosa unapolichagua tukio, maana uchungu wa kuchagua ndio kiini cha michezo ya aina hii.

Kucheza peke yako, kisha na mwenzako

Kabla ya kumwalika mtu, cheza senario fupi peke yako mpaka mwisho, angalau mara moja. Ushike kila upande kwa uaminifu: ukiwa upande wa kwanza tafuta ushindi wake kwa moyo wote, kisha zunguka meza, kaa upande wa pili na ufanye vilevile. Kuzunguka meza kuna maana, kwa sababu ramani inayotazamwa kutoka upande wa pili huonyesha udhaifu ambao hukuuona. Pale penye kadi zilizofichwa, amua kabla ya kuzifunua nia ya kila upande ni ipi, uiandike kwa sentensi moja, na uifuate isipokuwa hali ikibadilika waziwazi. Ukimaliza, ndipo urudi kwenye kitabu na ukisome kwa utaratibu kutoka mwanzo. Utashangaa jinsi kitabu kilekile kilivyokuwa chepesi, na utagundua makosa matatu au manne uliyoyafanya. Hayo hayaharibu kitu. Tafuta pia masahihisho rasmi ya kanuni, kwa kuwa karibu kila mchezo mkubwa hutolewa ukiwa na sentensi zenye utata ambazo mbunifu huzifafanua baadaye.

Ukipata mwenzako wa kucheza naye, kubalianeni mambo mawili kabla ya dadu ya kwanza: kwamba katika zamu mbili za mwanzo kila mmoja anaweza kurudisha mwendo alioukosea kwa kutojua kanuni, na kwamba kanuni ikileta ubishi mtaitafuta kwa dakika tano, na isipopatikana mtarusha dadu na kuendelea. Ikiwa mmoja wenu ndiye mwenyeji wa mchezo, amwachie mgeni upande unaoshambulia mwanzoni. Najua wengine hushauri kinyume chake kwa hoja kwamba kujihami kuna kete chache za kusogeza, lakini kwa maoni yangu kujihami vizuri ndiko kugumu zaidi, kwa sababu kunadai uone mpango wa mtu mwingine kabla hajauonyesha, ilhali mshambuliaji anaweza kuanza na nia moja rahisi na kujifunza akiwa njiani. Mwenyeji ajizuie pia kucheza kwa niaba ya mgeni. Amweleze kanuni, amwonye anapokaribia kupoteza jeshi zima kwa kukatiwa ugavi, na mengine amwachie.

Asiyekuwa na mtu karibu asikate tamaa. Programu ya Vassal, inayopatikana bure, huwezesha watu walio mbali kucheza kwenye ramani moja kupitia intaneti, ama kwa pamoja ama kwa kutumiana faili za zamu, na namna hiyo ya pili inamfaa sana mgeni kwa sababu anapata muda wa kufikiri na kufungua kitabu bila mtu kumsubiri mezani. Wachapishaji wengi, akiwemo GMT Games, huweka vitabu vyao vya kanuni mtandaoni, kwa hiyo unaweza kuusoma mchezo kabla ya kuununua.

Ongeza kanuni ulizoziacha moja moja: mchezo wa pili uwe na hali ya hewa, wa tatu uwe na anga, wa nne uwe na makamanda. Ukiona kanuni mpya imezifanya zamu ziburute bila kubadilisha maamuzi yako, iondoe kwa sasa na uirudishe baadaye. Senario ndefu, ile inayochukua ramani nzima na vikao kadhaa, ianze pale tu utakapoweza kucheza zamu nzima ya senario fupi kwa kutazama karatasi yako ya mfuatano peke yake. Iwekee meza ambayo haitahitajika kwa shughuli nyingine. Mwisho wa kila kikao piga picha ya ramani kutoka juu, pamoja na picha ya jedwali la zamu, na uandike sentensi mbili kwa kila upande: ulikuwa unakusudia nini, na unaogopa nini. Wiki tatu baadaye utakapoketi tena, picha zitakuonyesha kete zilipo, na sentensi hizo zitakukumbusha kwa nini divisheni ile ya vifaru inasubiri nyuma ya mto.